Mtaro wa mvua unatiririsha maji ya rangi na mvua hamna, tunambanaje mwenye kiwanda?

Mkazi wa Themi:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Niko Arusha, nyuma ya nyumba yetu unapita mtaro wa maji ya mvua unaotoka viwandani kwenda kumwaga Mto Themi. Wiki ya tatu hii hata manyunyu hamna, ila karibu kila siku kuanzia saa tano usiku yanashuka maji ya uvuguvugu, yana povu na bluu iliyokolea, ukisogea macho yanawasha, asubuhi zege limebaki na mstari wa rangi. Nimeenda ofisini kuripoti nikaambiwa lete ushahidi, nikapeleka picha, wakasema picha haionyeshi maji ni ya nani maana viwanda vinavyopakana na mtaro ni vitatu. Na kuna bibi hapo chini anamwagilia mchicha na maji hayohayo jamani.

Fundi Majitaka:
Pole sana mkuu. Watu wengi wanachanganya, bomba la majitaka linaenda kwenye mabwawa ya kutibu, ila mtaro wa mvua unaenda mtoni moja kwa moja, kinachoingia humo ndo kinafika Mto Kikuletwa mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu. Sasa hicho kiangazi ndo ushahidi wako, mtaro wa mvua siku ya jua unatakiwa uwe mkavu, ukisubiri masika yatazimua kila kitu na kila mtu atasingizia mvua. Fanya hivi, maji yakianza kushuka panda na mtaro chemba kwa chemba (yale mashimo ya ukaguzi), ukikuta moja ina maji na inayofuata juu yake ni kavu, bomba liko katikati hapo. Andika tarehe na saa. Ila usishuke ndani ya chemba hata kidogo, hewa ya mle inaua, na usiende peke yako.
Afu usichote maji kwenye chupa ya soda ukadhani umemaliza, sampuli achukue mkaguzi, ifungwe lakiri, ndo itasimama mahakamani. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa maji ya viwandani ni BOD (oksijeni ambayo vijidudu vinatumia kuozesha uchafu) miligramu 30 kwa lita, na COD (oksijeni inayohitajika kuvunja uchafu kwa kemikali) 60. Andika barua mbili, NEMC (baraza la taifa la mazingira) kanda ya kaskazini na Bodi ya Maji Bonde la Pangani iliyoko Moshi, kwa sababu kumwaga majitaka mtoni kunataka kibali, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mama Neema, Moshi:
Naongezea hapo, kwenye barua taja saa. Sisi kwetu ilikuwa oili chafu kwenye mtaro, wakaguzi walikuja saa nne asubuhi wakakuta pakavu wakaondoka, mpaka tulipowaomba waje usiku. Na msiridhike na faini, wetu alilipa akaendelea. Ombeni bomba lizibwe na asafishe alipochafua, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ina amri ya kurejesha mazingira, itajeni kwa jina.

Mkazi wa Themi:
Asanteni sana aisee. Jana usiku tumepanda watu wanne na tochi, chemba ya tatu kutoka barabarani ina povu hadi juu, ya nne kavu kabisa hadi utando wa buibui upo, na kati yake ukuta ni wa kiwanda kimoja tu. Barua zote mbili nazipeleka kesho. Bibi nimemwambia aache kumwagilia na yale maji, kaniuliza sasa mchicha wake ataumwagilia na nini, nikakosa jibu.