Viatu vya ofisini kwa laki na ishirini: vipya vya Kariakoo, mtumba wa Karume au ngozi ya Moshi?

Kijana wa Gongo la Mboto

Wakuu, habari za jioni. Naanza kazi tarehe 1 pale Posta na tumeshaambiwa: suruali ya kitambaa, shati la kuchomekea, viatu vyeusi vya ngozi. Nina laki moja na ishirini ya viatu tu, nyingine mpaka mshahara wa kwanza. Nimezunguka siku mbili, nimebaki na njia tatu.

Moka mpya za Kariakoo, Mtaa wa Kongo, 45,000. Zinang'aa, boksi lipo, saizi zote zipo. Napata pea mbili na nauli inabaki.

Mtumba wa Karume. Nimeona Clarks moja na Loake moja, kati ya 50,000 na 70,000. Ukiishika ile Loake unasikia uzito wake.

Halafu kuna za kiwanda cha Karanga, Moshi. Jirani yangu anazivaa mwaka wa tatu huu.

Mwaka jana nilinunua pea mpya kwa harusi ya dada yangu, soli ikaachia ukumbini, nikamaliza sherehe nimekaa kitini. Naomba ushauri.

Mama Wawili, Tabata

Mdogo wangu, hongera ya kazi. Mume wangu alikuwa mtu wa hizo hizo za 45,000. Kila baada ya miezi minne au mitano, pea nyingine. Siku nilipokaa nikapiga hesabu ya mwaka niliumia, maana kwa hela ile tungenunua viatu vya maana na chenji ingerudi. Sasa ana pea mbili za mtumba, anazipokezana, mwaka wa pili umeisha. Kingine: nenda kajaribu jioni. Kwa joto la Dar mguu unavimba mchana, kiatu kinachokaa vizuri saa tatu asubuhi kinabana saa kumi.

Fundi, Ilala

Kijana, nashona viatu tangu 1998, nikwambie ninachokiona mezani kwangu.

Watu wanaangalia mng'ao. Geuza kiatu, angalia soli imeungwaje. Hizo za 45,000 nyingi soli imebandikwa kwa gundi peke yake, na ile mishono unayoiona pembeni imechorwa kwenye mpira, si uzi. Vuta taratibu kwa kucha. Uzi wa kweli una tundu na unaingia ndani. Gundi ikikutana na joto la lami na maji ya masika inaachia, ndiyo yaliyokukuta harusini.

Loake wanatoka Kettering, Uingereza, tangu 1880. Zile za daraja la juu zina ukanda mwembamba wa ngozi unaozunguka kiatu. Sehemu ya juu inashonwa kwenye ukanda, soli nayo inashonwa kwenye ukanda huohuo. Soli ikiisha nafumua, naweka nyingine, juu hapaguswi. Kiatu cha hivyo nimekibadilisha soli mara tatu kwa mteja mmoja. Cha gundi kikiisha soli huwa na juu pameshakwisha.

Mdau wa Mbezi

Naheshimu mafundi, ila tusiwatishe vijana. Nimevaa vipya vya Kariakoo miaka yote, na siku nikinunua tu napeleka kwa fundi avishone soli kuzunguka. Unaongeza elfu chache. Mtumba hujui umevaliwa na nani, soli ya ndani imeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine, na fangasi zipo.

Fundi, Ilala

Mdau, la kushona soli mapema uko sahihi, mwambie kila mtu. Lakini shona kiatu ambacho juu ni ngozi. Ukishona cha plastiki, juu patapasuka pale vidole vinapokunja na soli yako bado nzima. Soli ya ndani inabadilishwa, hilo lisimtishe mtu.

Kijana wa Gongo la Mboto

Shikamoo fundi. Ngozi nitaijuaje? Wauzaji wote wanasema ngozi. Na ile Clarks ni kama mpya kabisa, soli nene, nyepesi, haijakanyaga chini. Niliipenda kuliko Loake.

Fundi, Ilala

Marahaba. Hapo kwenye Clarks nisikilize vizuri, maana ndipo watu wengi wanapolia.

Clarks ni kampuni ya siku nyingi, tangu 1825, sina neno nao. Angalia soli imetengenezwa na nini. Soli nene na nyepesi kama sponji ngumu mara nyingi ni PU, yaani polyurethane, aina ya plastiki. Aina nyingi za PU zinaliwa na unyevu wa hewa polepole, hata kama kiatu hakijavaliwa, hata kikiwa ndani ya boksi. Kikae kabatini miaka, kifungwe kwenye belo, kivuke bahari, kifike kwetu huku pwani. Kwa macho ni kipya. Unavaa siku ya tatu soli inameguka kama mkate mkavu. Nimeletewa vya hivyo vingi, na ngozi ya juu nzima kabisa. Tena kilichovaliwa mara kwa mara huwa kinadumu kuliko kilichowekwa.

Kikunje kwa nguvu mbele ya muuzaji. Bonyeza soli kwa ukucha: ikinata, ikiacha unga au ukiona nyufa ndogondogo, rudisha. Mpira wa kawaida na soli ya ngozi havina ugonjwa huo.

Mama Wawili, Tabata

Kumbe! Mume wangu viliwahi kumfia hivyohivyo njiani kwenda kanisani, tukadhani tumelogwa na muuzaji.

Afisa Ugavi, Temeke

Kwenye swali la ngozi: kama kiatu kilitengenezwa kuuzwa Ulaya, tafuta alama ndogo ndani au chini ya soli. Umoja wa Ulaya uliagiza alama hizo mwaka 1994. Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa ni ngozi. Kama wavu ni kitambaa. Umbo la almasi ni vitu vingine, yaani plastiki na mpira. Ngozi yenye almasi katikati ni ngozi iliyopakwa tabaka la kitu kingine juu. Zinaelezea sehemu ya juu, bitana na soli kila moja peke yake, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha alama ya ngozi uliza ni ya sehemu ipi. Mara nyingi ni ya bitana.

Kama hakuna alama, angalia ukingo uliokatwa karibu na matundu ya kamba. Ngozi ina nyuzinyuzi. Plastiki utaona kitambaa chini yake.

Na Karanga msiipite haraka. Ni ubia wa Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF, kule wanatengeneza hadi buti za askari. Ninazo za kamba, ngumu wiki mbili za kwanza, baada ya hapo zimetulia. Mitindo si mingi, hilo nakubali.

Kijana wa Gongo la Mboto

Wakuu, mrejesho. Leo nimerudi Karume saa kumi na moja jioni. Ile Clarks nimeikunja, imetoa nyufa hapohapo, muuzaji mwenyewe akashangaa. Loake ina uzi wa kweli na ukanda, soli ya ngozi imelika kisigino tu. Nimeipata kwa 58,000. Ni saizi 8 ya Uingereza na mimi navaa 42, imekaa. Fundi, kesho asubuhi nakuja uniwekee kisigino na mpira mwembamba chini kwa ajili ya mvua. Inayobaki naitunza mpaka mshahara, nichukue za Karanga ziwe pea ya pili.

Fundi, Ilala

Njoo kabla ya saa nne. Kikilowa kijaze magazeti, kianike kivulini, jua linaipasua ngozi. Na usikivae siku mbili mfululizo ukishapata pea ya pili.

Mdau wa Mbezi

Fundi, na mimi nakuja na za kwangu mbili. Nataka uniambie kama juu ni ngozi.