Chanjo na aleji, wewe ilikukutaje? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za leo, naanza na yangu. Mimi na mayai hatupatani tangu utoto, nikila tu midomo inavimba. Mwaka jana nilikuwa na safari ya Lubumbashi, Kongo, kule lazima uwe na kadi ya njano (ya kuonyesha umechanjwa homa ya manjano) na uchanje siku 10 kabla, nikaenda. Kumbe chanjo ya homa ya manjano inakuzwa kwenye mayai ya kuku! Nesi hakuniuliza kitu na mimi sikusema, akachoma, haya dada nenda. Sijafika hata getini viganja vinawasha, sauti inakwama, kifua kinabana, mlinzi ndo akanirudisha ndani kanishikilia. Wakanidunga adrenalini ya paja, pumzi ikarudi, nikalazwa mpaka kesho yake. Jamani sisemi watu wasichanje, wanangu wote wamechanja, nasema taja aleji zako KABLA ya sindano na ukae pale dakika 15 hata kama una haraka. Nyie je?

Mama Kulwa: Pole sana shosti. Wangu ile penta (chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja) ya wiki 6, usiku joto likapanda, paja gumu, analia tu, bibi yake anataka amkande maji ya moto nikakataa, nikamnyonyesha sana na dawa ya homa kama nesi alivyonielekeza, keshokutwa yake kapoa.

Baba Junior: Sisi BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, mwezi wa pili bega likatunga usaha nikamkimbiza hospitali, kumbe ndo inavyokuwa, wakasema usiminye usipake chochote. Kabaki na kovu tu.

Nesi wa zamu: Homa na maumivu vinakuja baadaye na vinaisha vyenyewe, aleji kali haichelewi, dakika chache tu unaona vipele, uvimbe, pumzi inakata. Wengine wanazimia kwa kuogopa sindano, hiyo siyo aleji. Na tafadhali mtoto mwenye aleji ya mayai msimnyime chanjo ya surua, hiyo anachomwa, ila mwambie nesi.

Mwenye uzi: Asante nesi. Sasa miaka 10 ya kadi ya njano ikiisha inabidi nichomwe tena? Hilo linanikosesha usingizi.

Nesi wa zamu: Hapana dada, ile miaka 10 ilikuwa zamani, tangu 2016 kadi ya njano ni ya maisha. Itunze, na hiyo aleji iandikwe kwenye faili lako.