Dola moja kwa shilingi 129: Benki Kuu ya Kenya iiachie shilingi?

Mwanzisha mada
Tangu Agosti 2024 dola ya Marekani imekwama kwenye shilingi 129 na ushei. Trump alishinda uchaguzi, akatangaza ushuru wake Aprili 2025, dola ikayumba duniani kote, sisi 129. Riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 13 katikati ya 2024, Oktoba 2025 ikawa 9.25. Kwa kawaida riba ikipungua hivyo, wawekezaji huhamisha fedha zao na sarafu hulegea. Yetu haikuguswa. Bado tunaambiwa inaelea, yaani bei yake inapangwa na soko! Kinachoelea hutikisika mawimbi yakipita.

Mwaka 2002 wachumi Calvo na Reinhart walionyesha kwamba nchi nyingi zinazodai sarafu zao zinaelea haziziachi zielee kweli. Waliiita hali hiyo woga wa kuelea. Naye mchumi Rodrik mwaka 2008 alionyesha kwamba katika nchi zinazoendelea, sarafu iliyo rahisi kidogo huendana na ukuaji wa haraka zaidi. Mimi nasema iachwe isogee, hata kwa senti chache kila wiki.

Mkulima wa chai, Bomet
Naunga mkono. Chai yetu inauzwa kwa dola pale mnadani Mombasa, sisi tunalipwa shilingi. Bonasi ya 2025 iliposhuka, KTDA, shirika linalotuuzia chai sisi wakulima wadogo, wenyewe walitaja dola kuwa sababu mojawapo. Kazi ni ile ile, majani ni yale yale.

Muuza mitumba, Gikomba
Mmesahau Januari 2024? Dola ilifika 160. Robota unaulizia bei asubuhi, ukirudi jioni na pesa unaambiwa imepanda. Na wewe ndugu wa Bomet, mbolea unayotia shambani na dizeli ya lori linalobeba majani yako vinanunuliwa kwa nini kama si dola? Usifurahie kwa mkono mmoja tu.

Mwalimu wa uchumi
Wote wawili mna hoja, ila mwanzisha mada ameruka jambo. Mchumi Gita Gopinath na wenzake wamechunguza biashara inayopangiwa bei kwa dola, na matokeo yao yanatuhusu moja kwa moja. Mnunuzi wa Pakistan, mteja wetu mkubwa wa chai, anaona bei ya dola. Shilingi ikilegea, kwake hakuna kilichopungua, kwa hiyo haongezi hata kilo moja. Kinachobadilika ni mgawo wa humu ndani: mkulima anapata zaidi, mlaji analipa zaidi. Huo si ukuaji. Mnaweza kuutetea kwa haki ya mkulima, sawa, lakini msiuite ukuaji.

Halafu kuna deni. Kila dola bilioni moja ya kulipa hugharimu shilingi bilioni 129 leo. Kwa bei ya Januari 2024 zingekuwa 160. Hizo bilioni 31 zinatoka kwenye kodi zetu.

Tena nani amewahakikishia kwamba shilingi ikiachiwa itashuka? Benki inayoibeba sarafu isishuke huuza dola, na akiba yake ya dola hupungua. Yetu ilipanda, ikavuka dola bilioni 10 mwaka 2025. Huenda Benki Kuu inaizuia isipande.

Muuza mitumba, Gikomba
Kwa hiyo dola ingeshuka hadi 120? Basi mimi ndiye wa kulalamika!

Mwanzisha mada
Hoja ya akiba ina uzito, lakini tuangalie dola hizo zilikotoka. Februari 2025 tulikopa bilioni 1.5 kwa Eurobond, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji wa nje, Oktoba tena bilioni 1.5.

Mwalimu wa uchumi
Sehemu ya hizo ilikwenda kulipa Eurobond za zamani. Wanaotuma fedha kutoka ughaibuni walileta karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na hizo hazirudishwi kwa mtu.

Mfanyakazi wa nyumbani, Riyadh
Hizo bilioni ndizo sisi. Huku riyali imefungwa kwa dola, 3.75, tangu 1986. Nikituma, najua kabisa mama atapokea ngapi na karo itatosha au la. Mnataka niamke kila siku nikitazama kiwango?

Mwanzisha mada
Dada, Saudia ina mafuta ya kuilinda hiyo 3.75. Sisi tuna chai, maua na ninyi.

Basi niseme ninachodai hasa. Benki Kuu hutangaza akiba kila wiki. Itangaze pia imenunua au kuuza dola ngapi sokoni. Januari 2011 Chile ilisema wazi kwamba itanunua dola bilioni 12, milioni 50 kila siku, na kila mtu alijua sarafu yao inashikiliwa na mkono wa nani.

Mwalimu wa uchumi
Chile ilikuwa ikinunua. Siku ya kuuza, ukitangaza kiasi, walanguzi wanahesabu umebakiwa na siku ngapi. Itangazwe baada ya miezi mitatu, hapo nitaunga mkono.

Mkulima wa chai, Bomet
Miezi mitatu sawa. Lakini wakulima waulizwe pia. Mpaka leo sijasikia tukiulizwa.