Zimebaki siku 9 nisimame mbele ya watu 200, natetemeka. Naombeni ushauri

Sauti_ya_Chini: Wakuu habari zenu, niende kwenye mada. Kazini nimepangiwa kusoma ripoti ya mwaka mbele ya watu kama 200 na usingizi sina. Nikiwa na mtu mmoja naongea vizuri tu, hata kubishana nabishana, ila nikisimama mbele za watu mdomo unakauka, magoti yanagongana, karatasi inatetemeka mpaka inasikika kwenye maiki. Mara ya mwisho nilisimama, neno la kwanza likagoma kutoka, nikampa mwenzangu karatasi nikakaa. Nifanyeje nisitetemeke? Matusi hapana.

Bin Maneno: Pole mkuu. Mimi nilipewa maiki harusini kwa kaka yangu, kwa woga nikamtaja bibi harusi kwa jina la yule aliyeachwa. Shemeji hajanisemesha mpaka leo. Ila tangu siku hiyo naongea popote, nimeshaharibu vyote vya kuharibika.

Kigoda: Karatasi weka mezani, usishike, kelele imeisha. Usikariri hotuba nzima maana ukisahau neno moja yote inaondoka, kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho, katikati andika vichwa tu kwa herufi kubwa. Na ufanye mazoezi umesimama, kwa sauti, kusoma kimoyomoyo kitandani sio mazoezi. Halafu hofu yako haionekani kama unavyodhani, watafiti wa saikolojia Savitsky na Gilovich walilipima hili mwaka 2003, wazungumzaji walijiona wana woga kuliko wasikilizaji walivyowaona.

MwalimuMstaafu: Vijana mnachati kutwa, ulimi utazoea wapi? Demosthenes, mhutubu maarufu wa Ugiriki ya kale, inasimuliwa alifanya mazoezi na kokoto mdomoni, akishindana na kelele za mawimbi. Nyie mnataka njia ya mkato.

Chumvi_Nyingi: Mwalimu unataka mtoto wa watu ameze kokoto mbele ya bosi 😂

Nesi wa Zamu: Kutetemeka ni adrenalini, mwili umedhani kuna hatari. Haizimwi kwa kuambiwa tulia. Vuta hewa kawaida, itoe polepole zaidi, dakika mbili tatu kabla hujaitwa. Ila kaka, hujauliza jinsi ya kuongea, umeuliza jinsi ya kutotetemeka. Kuna kitu umepewa umeze?

Sauti_ya_Chini: Mi ni ke jamani. Hapana, yaani sio hivyo. Mwenzangu mmoja ana dawa zake za moyo, propranolol, kanipa vidonge vinne, anasema ukimeza saa moja kabla mikono inatulia kabisa.

Nesi wa Zamu: Samahani dada. Ni kweli wapo wanaoandikiwa na daktari kwa jambo hilihili. Una pumu?

Sauti_ya_Chini: Ya utotoni, siku hizi inhela naigusa kwa nadra. Na Jumapili nilijaribu nusu kidonge, mbona nipo? Tusihame mada tafadhali.

Nesi wa Zamu: Hii ndio mada. Dawa hiyo inaweza kubana njia ya hewa kwa mwenye pumu, na inhela ya kufungua kifua ikashindwa kusaidia inavyotakiwa. Nusu kukupita salama sio kibali. Rudisha vya watu, nenda kwa daktari umweleze yote mawili, woga na pumu.

Sauti_ya_Chini: Nyie hamkuwepo siku ile. Bora kifua kibane kuliko nikae tena. Na bosi nimeshamwambia nitasoma.

Jicho Kali: Subirini kwanza. Mtu kasimama, maneno yamekata, kamwachia mwingine kazi akakaa. Hiyo si ya Gandhi hiyo? Kesi yake ya kwanza mahakamani Bombay, kasimama kuhoji mashahidi, hakupata hata swali moja, kesi akapewa mwingine. Leo imeongezewa vidonge. Chai hii.

Chumvi_Nyingi: Nimekuja na kikombe changu.

Bin Maneno: Hata kama ni chai, si Gandhi huyohuyo aliishia kuhutubia maelfu?

Sauti_ya_Chini: Sijui Gandhi alikaaje. Mimi nilikalia kiti cha mtu mwingine, kilikuwa na koti lake, nikalikalia dakika 40 naogopa hata kulitoa nisije nikaonekana. Nalo la Gandhi?

Jicho Kali: Hapo kwenye koti nimelegea kidogo.

Kigoda: Chai pembeni. Dada andika hapa sentensi yako ya kwanza.

Sauti_ya_Chini: "Samahanini, mimi sio mzungumzaji mzuri, ila nimeombwa niwasomee karipoti haka, nitajitahidi."

Kigoda: Hawajakusikia bado ushawaambia wasikusikilize. Hako karipoti kaliandikwa na nani?

Sauti_ya_Chini: Mimi. Miezi minne.

MwalimuMstaafu: Miezi minne halafu "karipoti"? Futa hiyo ka.

Sauti_ya_Chini: "Habari za asubuhi. Hii ni ripoti ya mwaka, nimeiandika mimi, samahani kama itakuwa ndefu."

Chumvi_Nyingi: Samahani haijafa, imehama siti 😂

Nesi wa Zamu: Vidonge umerudisha?

Sauti_ya_Chini: Vitatu na nusu viko kwenye pochi. Ngojeni kwanza nimalize hii sentensi.