Leza kwa maumivu ya juu ya mguu: kifurushi kiuzwe kabla kiatu hakijavuliwa?

Mleta mada (mlinzi, Posta)

Wakuu, salaam. Swali langu ni hili: ni haki kliniki imuuzie mgonjwa kifurushi cha vikao vya leza (mashine inayomulika mwanga panapouma) kabla mtu yeyote hajaushika mguu wake? Mimi nasema si haki, na naomba tulijadili bila kutukanana.

Nasimama getini mwaka wa tisa huu, zamu ya saa 12. Mwaka huu tulipewa buti mpya, ngumu kama ubao, nikazikaza kamba zisichezecheze. Wiki ya tatu juu ya mguu wa kulia, pale kamba zinapopishana, pakavimba. Nikiinua kidole gumba, moto. Nikiweka kidole cha mkono pale huku nachezesha vidole vya mguu, kitu kinakwaruza chini ya ngozi, kama unapikicha nywele kavu.

Nikaenda kliniki moja, jina naliacha. Dada wa mapokezi akauliza panauma wapi, nikamwonyesha nikiwa na buti mguuni. Nikaandikiwa vikao 10 vya leza, kila kikao 35,000. Hiyo ni 350,000, inazidi mshahara wangu wa mwezi. Mke wangu akakopa kwenye kikoba chao, tukalipia vikao vinne. Nikitoka pale najisikia nafuu, nikiingia zamu usiku maumivu yako palepale. Buti ni lilelile, kamba ni zilezile, na hakuna aliyeniuliza habari za buti.

Aliyenivua kiatu ni jirani yangu wa Mbagala, mtu wa fiziotherapia. Akaona kamba imechimba mfereji kwenye ngozi juu ya ukano, ule uzi mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Kwanza akabonyeza mfupa mmoja mmoja, akanitaka niruke kwa mguu mmoja, kuhakikisha si mfupa wenye ufa. Halafu akachomoa kamba yote, akairudisha akiruka matundu mawili pale panapouma, akapachika kipande cha sponji chini ya ulimi wa buti. Akanikatia ukanda wa tyubu ya baiskeli: nafunga kwenye mguu wa meza, naingiza wayo, navuta vidole kuja kwangu taratibu, narudisha taratibu zaidi. Akaongeza kunyoosha shavu la mguu, maana likikaza, kano za mbele zinafanya kazi mara mbili kuinua wayo. Wiki ya sita nilimaliza zamu bila kuchechemea.

Siwezi kuapa kwamba vile vikao vinne havikuchangia chochote. Ninacholalamikia ni mpangilio: pesa kwanza, mguu baadaye.

Fizio, Ilala

Kaka, pole sana. Ulichofanyiwa si fiziotherapia, hata mimi kimeniudhi. Ila nina hofu watu wakisoma hapa wataona mashine ndiyo mbaya.

Leza hii haikati wala haichomi ikitumika inavyotakiwa. Mwaka 1967 Endre Mester wa Hungaria alimulika panya walionyolewa, akaona manyoya yanarudi haraka. Tangu hapo imeelezwa kwamba mwanga mwekundu na ule usioonekana unaofuatia mwekundu hugusa mitambo ya nishati ndani ya seli, uvimbe ukapungua na maumivu yakalegea. Na kano za juu ya mguu ziko chini kidogo tu ya ngozi, mwanga unazifikia kuliko msuli uliojificha ndani.

Tafiti zipo. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa wanamichezo 52 wenye maumivu ya ukano wa kisigino: waliopata leza pamoja na mazoezi walipata nafuu mapema kuliko waliofanya mazoezi na leza ya kuigiza. Uchambuzi wa mwaka 2010 ulikusanya majaribio 25 ya kano mbalimbali, 12 yakaonyesha faida, 13 hayakuonyesha au hayakueleweka. Na kwenye yale yenye faida, dozi, yaani kiasi cha mwanga, iliangukia ndani ya viwango vilivyopendekezwa. Dozi ndiyo kila kitu. Ukimulika kidogo mno hupati kitu, ukizidisha hupati kitu vilevile.

Halafu kuna mgonjwa ambaye maumivu hayamruhusu hata kuanza mazoezi. Huyo nimwambie nini, ameze diklofenaki mwezi mzima aharibu tumbo na figo? Nikimpa leza wiki mbili akaanza mazoezi, nimemsaidia. Ndiyo maana nataka bima iilipie. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa tangu 2023; sasa ndio wakati wa kusema kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa, kiwe na nini.

Bodaboda, Mwenge

Wakubwa, mnaongelea kamba za buti na mazoezi. Mimi gia naipandisha kwa kuinua pedeli na juu ya mguu wa kushoto, siku nzima, na pikipiki ni ya mkataba. Nisipopeleka hesabu ya siku, bosi anachukua chombo. Nilipiga leza vikao sita Sinza, nikaendelea na kazi. Msinifungie mlango.

Muuguzi, Tabata

Naongea kama mtoto wa mgonjwa, si kama muuguzi. Mama yangu ana kisukari. Mguu ulivimba juu, mwekundu, ukigusa una joto, lakini yeye hasikii maumivu makubwa. Nikiwa safarini, ndugu wakampeleka sehemu wakaambiwa ni mishipa, akapigwa leza ya nguvu wiki mbili. Akarudi na lengelenge, kwa sababu ganzi ya kisukari ilimzuia kuhisi joto. Nilipomfikisha hospitali na kupigwa eksirei, mifupa ya katikati ya wayo ilishaanza kusagika na kuhama. Alitakiwa kufungwa plasta na kutoukanyaga ule mguu tangu siku ya kwanza. Leo unyayo wake umebonyea chini kama mtumbwi na havai kiatu cha dukani.

Wiki mbili zile hazirudi.

Mleta mada (mlinzi, Posta)

Dada, nimesoma yako mara mbili. Pole, na mpe mama pole yetu.

Bodaboda mwenzangu, sikufungii mlango. Lakini kuna aliyekuambia uvae kiatu chenye sponji juu pale pedeli ya gia inapogonga, au fundi aishushe pedeli kidogo usiinue wayo sana? Hiyo haikukutoa barabarani hata siku moja.

Fizio, nimekuelewa kuhusu dozi, na hapo ndipo penye kidonda. Wanaouza vifurushi hawatuambii dozi. Risiti yangu imeandikwa "leza" basi. Halafu umetaja utafiti wa 2008, jirani yangu amenionyesha mwingine wa 2012, watu 40, ukano uleule wa kisigino, mazoezi yaleyale kwa wote, na leza haikuongeza kitu. Na kano zetu za juu ya mguu ni nani amezipima sana? Tafiti nyingi ni za kisigino, kiwiko na bega. Tena ngozi nyeusi hunyonya mwanga mwingi, kwa hiyo mashine za daraja la 4, zile zinazovuka nusu wati, joto linabaki juu kwenye ngozi. Kipimo cha mtu mweupe unakihamishiaje kwangu bila kuuliza?

Kwa hiyo kwenye bima nakupinga. Ilipie kwanza nusu saa ya mtu kama wewe kukaa chini, kuvua kiatu, kubonyeza mfupa, kuuliza kisukari, kuuliza kazi. Leza ifuate kwa mwandiko wako, dozi ikiwa imeandikwa, na ikifika kikao cha tatu au cha nne bila badiliko, isimame.

Fizio, Ilala

Kupima kwanza na kuandika dozi, nasaini hata leo. Kusimamisha kikao cha nne sikubali, ukano uliochoka miezi sita haujibu kwa vikao vinne. Na hiyo nusu saa unayotaka ilipiwe, mimi kwa siku naona wagonjwa 30. Nipe hesabu yake.