Mrejesho: kishikwambi au laptopu nyepesi?

Wakuu, asanteni sana. Mwezi uliopita niliwauliza nichukue kishikwambi (tableti) au laptopu nyepesi kwa kazi za kawaida: barua pepe, kusoma PDF na hesabu za kikundi. Nimechukua laptopu ya kilo 1.2, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, na sijutii. Kilichoamua ni jedwali la michango ya kikundi. Nilipoazima kishikwambi cha dada, kila nikigusa kisanduku cha jedwali ili niandike, kibodi ya kwenye kioo ilifunika nusu ya majina. Mara mbili nikaandika mchango wa mtu kwenye jina la mwingine. Kibodi ya kuunganisha ingesaidia, ila ukiweka mapajani inayumba. Kusoma umejilaza, hapo kishikwambi kinashinda kabisa. Mama anasoma na kupiga simu za video tu. Yeye nitamnunulia kishikwambi.