Kompaila mpya ikikataa maktaba ya zamani, alaumiwe nani?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Mtu akihama kutoka kompaila ya GCC 13 (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) kwenda GCC 14, iliyotoka Mei 2024, maktaba ya lugha ya C (msimbo unaotumiwa na programu nyingine) aliyoijenga miaka yote bila shida inaweza kugoma: fankisheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina, imeitwa bila kutangazwa, ujenzi umekwama. Wengi husema kompaila imeharibu kazi zao. Mimi nasema imechelewa. C99, yaani kanuni za lugha ya C za mwaka 1999, ilishafuta ruhusa hiyo, na kwa robo karne tumekuwa tukipewa onyo tu na kulipita.

Niliwahi kuwa na faili linaloita fungua_rekodi(), ambayo hurudisha pointa, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu. Heda yake, yaani faili linaloitangaza, ilisahaulika, kompaila ya wakati huo ikakisia kwamba inarudisha int, yaani namba nzima. Pointa ilikuwa na biti 64, int 32, kwa hiyo nusu ya juu ya anwani ikakatwa. Programu ikawa leo inafanya kazi, kesho inakufa, kutegemea kumbukumbu imetengwa wapi. Nilitafuta siku tatu kitu ambacho GCC 14 ingenionyesha hadi namba ya mstari.

— Mkuu, hoja yako naiheshimu, ila wewe unazungumzia msimbo wako mwenyewe. Mimi najenga maktaba za watu, na baadhi wenyewe walishaziacha. Halafu kuna baya zaidi hujaligusa: skripti ya configure, inayokagua mfumo kabla ya ujenzi. Inaandika programu ndogo ya kujaribu kama mfumo una fankisheni fulani. Jaribio lenyewe likiwa limesahau heda, GCC 14 inalikataa, skripti inaandika "haipo", na ujenzi unaendelea kimya kimya bila kipengele hicho. Skrini safi kabisa! Anayeitumia maktaba ndiye atakayegundua, tena baadaye.

— Hapo umenibana, nakubali. Kwa hilo mimi hujenga mara mbili, kwa kompaila ya zamani na mpya, kisha nalinganisha config.h zote mbili, faili lenye matokeo ya majaribio hayo, kwa programu ya diff. Mstari uliobadilika ndio wa kufuatilia, na config.log itakwambia jaribio lilifia wapi. Maktaba iliyoachwa iwekee swichi ya -fpermissive, makosa yale yarudi kuwa maonyo. Kama umefika GCC 15, ambayo sasa huanza na kanuni mpya za C23, jaribu -std=gnu17 ili urudi kwenye kanuni za awali, kwa sababu mabano matupu ya fankisheni hayana tena maana ile ya zamani na bool imekuwa neno la lugha. Ninachokataa ni kuzimwaga swichi hizo kwenye mradi mzima. Hapo unamrudisha yule mdudu wangu, lile kosa la msimbo la siku tatu.

Na wewe nikuulize: viraka unavyoandika kwa hizo maktaba zisizo na mwenyewe, unaviweka wapi ili anayekuja nyuma yako avipate?